Kufuli la WhatsApp: linafunga nini na linaacha nini wazi

Ukifungua gumzo jipya kwenye WhatsApp, juu kabisa hutokea kisanduku kidogo kinachosema kwamba ujumbe na simu zimefungwa kutoka mwisho hadi mwisho, na kwamba waliomo kwenye gumzo hilo tu ndio wanaoweza kusoma au kusikiliza. Watu wameyapokea maneno hayo kwa namna mbili. Wako wasioyaamini hata chembe: kampuni kubwa ya Marekani, tena ya wenye Facebook, kweli isisome? Na wako walioyameza mazima, wakawa wanatumiana picha za vitambulisho, namba za siri za benki, mambo ya ndoa na ya ofisi, kwa kuwa kisanduku kimeshasema ni salama.

Wote wawili wanatazama mahali pasipo penyewe. Kufuli ni la kweli na ni imara, ila linalinda safari ya ujumbe, na ajali nyingi za WhatsApp hazitokei safarini. Zinatokea kwenye ncha mbili za safari hiyo, yaani simu yako na simu ya mwenzako, pamoja na kila kitu kilichounganishwa nazo. Halafu yako mambo ambayo kufuli halikuwahi kuahidi kuyaficha, na kampuni hailazimiki kuyapigia tarumbeta.

Ujumbe mmoja, kutoka Tanga hadi Muscat

Tufuate ujumbe mmoja. Mama yuko Tanga, mwanawe anafanya kazi Muscat. Mama anaandika: "Tumefika salama, mjomba wako anakusalimu."

Siku mwana alipojisajili WhatsApp, simu yake ilitengeneza jozi ya funguo. Ufunguo mmoja ni wa siri na hautoki kwenye simu ile. Wa pili ni wa wazi, nao ulipelekwa kwenye seva za WhatsApp, yaani kompyuta za kampuni zinazopokea na kupitisha ujumbe, pamoja na fungu la funguo nyingine za wazi za kutumika mara moja moja. Mama alipomwandikia kwa mara ya kwanza, simu yake iliziomba funguo hizo za wazi, ikazichanganya kihesabu na funguo zake za siri, ikapata namba ya siri ya pamoja. Simu ya mwana nayo ilipiga hesabu yake kutoka upande wa pili, ikafikia namba ileile. Seva iliyokaa katikati iliona funguo za wazi tu, na kwa hizo peke yake haiwezi kuifikia namba ile.

Kutoka kwenye namba hiyo ya pamoja, kila ujumbe huzaliwa na ufunguo wake. Ukishatumika hutupwa, na unaofuata unatengenezwa upya. Ndiyo maana mtu akifanikiwa kuuiba ufunguo wa ujumbe wa leo, haumfungulii ujumbe wa jana. Utaratibu huu, ambao kwa Kiswahili cha wataalamu huitwa usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho, ulibuniwa na Open Whisper Systems, watu walewale walioanzisha Signal, programu nyingine ya kutumiana ujumbe. WhatsApp walimaliza kuuweka kwa watumiaji wote Aprili 2016. Hesabu zake zimechapishwa na wataalamu wa nje wamezichambua kwa miaka. Programu ya WhatsApp yenyewe haijawekwa wazi ikaguliwe na kila mtu kama ilivyo ya Signal, kwa hiyo sehemu fulani ya imani inabaki kwa kampuni. Lakini watafiti wa usalama huipasua na kuichunguza mara kwa mara, jambo linalofanya udanganyifu mkubwa uwe mgumu kufichika.

Sasa mama anabonyeza kutuma. Kikitokea kisaa kidogo, ujumbe bado uko kwenye simu yake, mtandao haujashika au bando limekwisha. Tiki moja maana yake umefika kwenye seva. Tiki mbili, umefika kwenye simu ya mwana. Zikigeuka bluu, ameufungua, isipokuwa kama mmoja wao amezima taarifa za kusoma. Simu ya mwana ikiwa imezimwa, ujumbe husubiri kwenye seva ukiwa umefungwa, kwa muda usiozidi siku 30, kisha hufutwa. Ukishafika, seva huufuta. Hilo ndilo jibu kwa wanaoiandikia WhatsApp wakiomba warudishiwe gumzo za mwaka jana baada ya simu kuibwa. Hawanyimwi. Gumzo hizo hazipo kwao.

Anayetaka kuhakikisha kwamba hakuna aliyejipenyeza katikati anaweza kubonyeza jina la mwenzake, kisha sehemu ya usimbaji fiche. Hapo atakuta tarakimu 60 na picha ya QR. Zikilingana kwenye simu zote mbili, mambo ni sawa. Watu wachache hufanya hivyo, na kwa salamu za mjomba si lazima. Kwa mwandishi wa habari na anayempa habari, au mwanasheria na mteja wake, dakika moja ya kulinganisha hizo tarakimu wakiwa wamekaa pamoja ni dakika iliyotumika vizuri.

Bakapu

Hapa ndipo mwenye nyumba huvunja kufuli lake mwenyewe bila kujua. Simu ya Android huweka nakala ya akiba ya gumzo, yaani bakapu, kwenye akaunti ya Google. iPhone huiweka iCloud. Nakala hiyo, usipoiwekea ulinzi wake maalumu, haimo ndani ya kufuli la mwisho hadi mwisho. Maneno yaliyosafiri yamefungwa kutoka Tanga hadi Muscat yanalala mahali ambapo ufunguo hauko mikononi mwako peke yako. Mamlaka za sheria zinaweza kuiomba kampuni inayohifadhi. Na mtu aliyeipata akaunti yako ya Google pamoja na laini yako anaweza kuzirudisha gumzo zote kwenye simu yake. Fikiria ni watu wangapi ambao akaunti yao ya Google ilifunguliwa na kijana wa duka la simu siku waliponunua, naye ndiye aliyechagua nywila.

Tangu Oktoba 2021 dawa ipo, ila haiwashwi yenyewe. Ingia Mipangilio, kisha Gumzo, kisha sehemu ya kuhifadhi nakala, shuka chini hadi kwenye nakala iliyofungwa mwisho hadi mwisho, uiwashe. Utaulizwa uchague nywila yako mwenyewe au ufunguo wa tarakimu 64. Kwa watu wengi nywila inatosha, mradi isiwe ileile ya Facebook au ya barua pepe.

Makosa hutokea mara baada ya hapo. La kwanza ni kusahau. Kampuni haina nywila hiyo na haiwezi kukupa nyingine. Ukiwa bado umo ndani ya WhatsApp kwenye simu yako unaweza kuibadilisha, lakini simu ikishapotea na nywila imekutoka kichwani, gumzo zimekwenda. La pili ni kuchagua tarakimu 64 kisha kuzipiga picha ya skrini: simu inaibwa, na ufunguo umo humohumo ndani. Ziandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. La tatu halihusu siri kabisa, ila linauma vilevile: bakapu za Android sasa zinahesabiwa ndani ya GB 15 za bure za Google. Nafasi ikijaa, bakapu haiendelei tena, na mtu huja kugundua miezi sita baadaye. Tazama tarehe ya nakala ya mwisho iliyoandikwa pale juu, na uiondoe video kwenye bakapu. Video za harusi na vichekesho ndizo zinazokula nafasi.

Likabaki moja usilolitawala. Hata wewe ukifunga bakapu yako, maneno yako yamo pia kwenye bakapu ya mwenzako. Vivyo hivyo ujumbe unaojifuta wenyewe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90: unasaidia kupunguza malimbikizo, lakini haumzuii mpokeaji kupiga picha ya skrini siku ya kwanza. Picha ya kutazamwa mara moja inazuia picha ya skrini, haiizuii simu ya pili iliyoshikwa mbele ya kioo. Na kwenye kundi, ambalo siku hizi linaweza kufika watu 1,024, kufuli linafanya kazi yake barabara huku siri ikiwa imeshakabidhiwa kwa watu 1,024.

Namba sita

Njia inayowaumiza watu wengi zaidi haigusi hesabu yoyote. Unapata ujumbe kutoka kwa mtu unayemfahamu, shangazi au mwalimu wa madrasa: "Samahani, kuna namba sita zimetumwa kwenye simu yako kwa bahati mbaya, naomba unitumie." Kweli, SMS yenye tarakimu sita imeingia. Ukizituma, baada ya dakika moja WhatsApp yako inakutoa nje. Shangazi mwenyewe alishatolewa jana. Aliyekuandikia ni mwizi. Kinachofuata ni watu wako wote kupokea maneno kama "nimekwama kidogo, nitumie laki mbili kwenye namba hii, jioni nakurudishia." Ni ndugu yake ule utapeli wa SMS wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ila huyu amekuja na picha yako na jina lako.

Angalia kilichotokea kiufundi, kwa sababu ndipo utetezi ulipo. Kufuli halikuvunjwa. WhatsApp humtambua mtu kwa namba yake ya simu tu, na anayezitaja namba sita zilizotumwa kwenye namba hiyo ndiye anahesabiwa kuwa mwenyewe. Simu ya mwizi ikatengeneza funguo mpya, na simu za watu wako zikazipokea. Gumzo zako za zamani hakuzipata, maana zilikuwa kwenye simu yako. Ila makundi yako yote na kila ujumbe unaoingia kuanzia hapo ni wake.

Funguo zinapobadilika, simu za wengine zinaweza kuonyesha mstari mdogo kwamba namba ya usalama ya fulani imebadilika. Washa arifa hizo: Mipangilio, Akaunti, Arifa za usalama. Mara nyingi mstari huo hauna ubaya, mtu kanunua simu mpya au kaisakinisha WhatsApp upya. Lakini ukiuona leo, na saa mbili baadaye mtu huyohuyo anaomba hela, mpigie kwa simu ya kawaida, kwa laini, usikie sauti yake. Simu ya WhatsApp haitasaidia, maana itaita kwa mwizi.

Kinga yenyewe inachukua dakika mbili: Mipangilio, Akaunti, Uthibitisho wa hatua mbili. Unaweka PIN ya tarakimu sita unayoichagua wewe, na barua pepe ya kukuokoa ukiisahau. Mwizi akipata namba za SMS, ataulizwa PIN hiyo pia. Usitumie mwaka wa kuzaliwa, wala PIN ya M-Pesa. WhatsApp itakuuliza PIN hiyo mara moja moja ili usiisahau, na wengi huizima kwa sababu ya usumbufu huo mdogo. Wasiizime.

Ziko njia mbili zaidi za kuingia, na zote zinazidi kutumika.

Ya kwanza ni kuelekeza simu. Mtu anajifanya wa huduma kwa wateja, anakwambia ubonyeze *21* kisha namba fulani kisha #. Hiyo ni amri ya mtandao wa simu wa GSM inayohamishia simu zako zote kwenye namba uliyoitaja. Baada ya hapo mwizi anaiomba WhatsApp imsomee namba sita kwa kumpigia badala ya SMS, na simu inaita kwake. Kujua kama umeelekezwa, bonyeza *#21#. Kufuta maelekezo yote, bonyeza ##002#.

Ya pili ni ya hatari zaidi kwa sababu haikutoi nje, kwa hiyo huoni kitu. WhatsApp inaruhusu kuunganisha hadi vifaa vinne vya ziada kwenye akaunti moja. Kinaunganishwa kwa kupiga picha ya QR au kwa kuandika msimbo (code) wenye jumla ya herufi na tarakimu nane. Mtu anakutumia kiungo cha kumpigia kura mtoto wa shule kwenye shindano. Ukurasa unaomba namba yako ya simu, kisha unakupa msimbo huo wa nane uuandike WhatsApp "kuthibitisha kura". Umeshaunganisha kompyuta ya mwizi. Kuanzia hapo anasoma yanayoingia na kutoka, tena yakiwa yamefungwa mwisho hadi mwisho, kwa kuwa yeye sasa ni mojawapo ya miisho. Ingia Mipangilio, Vifaa vilivyounganishwa, usome orodha. Kifaa usichokijua kibonyeze, ukitoe. Hii ndiyo sehemu ya kuiangalia kila mwezi, na ya kuiangalia haraka kama simu yako imewahi kukaa kwa fundi au mikononi mwa mtu mwenye wivu. Kukiunganisha kifaa mtu akiwa ameshika simu yako iliyo wazi ni kazi ya muda mfupi sana.

Ukiwa umeshaporwa akaunti, usianze kwa kutangaza Facebook. Fungua WhatsApp kwenye simu yako, ujisajili upya kwa namba yako, uombe SMS. Ukiziandika namba sita mpya, mwizi anatolewa papo hapo. Huenda akawa ameweka PIN yake ya hatua mbili, na wewe huijui. Hapo utasubiri siku 7 ndipo uingie bila PIN, lakini katika siku hizo yeye pia hayumo. Watu wengi hukata tamaa kwenye hatua hii wakidhani bado anaandika kwa jina lao. Wakati mwingine mwizi huomba SMS mara nyingi makusudi ili mfumo ukufungie saa kadhaa. Subiri muda ulioandikwa, usibonyeze tena na tena, maana kila jaribio linaongeza muda. Na kama simu yako ilipoteza mtandao ghafla kabla ya yote haya, tatizo si WhatsApp: kuna mtu kairinyu laini yako, yaani kaihamishia namba yako kwenye kadi nyingine. Nenda kwenye duka la kampuni yako ya simu na kitambulisho siku hiyohiyo, kwa sababu pesa za kwenye simu ziko kwenye laini hiyo pia.

Halafu iko GB WhatsApp na ndugu zake wa rangi mbalimbali. Zinapendwa kwa sababu zinaficha tiki za bluu na zinakuonyesha ujumbe uliofutwa. Ni programu zilizotengenezwa na watu wasiojulikana kwa kuichezea WhatsApp halisi, na hazimo Play Store. Unazipata kwa faili la APK, yaani faili la kusakinisha programu, lililotoka kwa rafiki. Kufuli hufungwa ndani ya programu, kwenye simu. Aliyeitengeneza programu anayaona maneno kabla hayajafungwa, na hakuna njia ya kawaida ya kujua anayafanyia nini. WhatsApp hufungia kwa muda namba zinazotumia programu hizo, na asiyebadilika hufungiwa moja kwa moja. Kutoka huko, hamishia gumzo unazozihitaji kwenye barua pepe moja moja, iondoe programu, pakua halisi kutoka Play Store na ujisajili. Usitegemee bakapu ya GB kusomeka kwenye halisi.

Kampuni inajua nini basi

Fikiria barua ndani ya bahasha. Kufuli linaficha barua. Bahasha inabaki na majina, muhuri na tarehe. WhatsApp inayo namba yako, jina na picha uliyoweka, aina ya simu, anwani ya IP inayoonyesha kwa makadirio uko wapi, mara ya mwisho ulipoingia, makundi uliyomo, na namba za watu waliomo kwenye kitabu chako cha simu kama umeruhusu. Waraka wa ndani wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, wa Januari 2021, uliokuja kuwekwa hadharani mwaka huohuo, ulieleza kwamba kwa amri ya aina fulani ya mahakama WhatsApp iliweza kuwapa wachunguzi taarifa za nani kamwandikia nani, takriban kila dakika 15, bila maneno yenyewe. Waraka huohuo ulisema mlengwa akitumia iPhone na bakapu ya iCloud, maneno yenyewe yanaweza kupatikana huko. Yaani hata FBI hawakuzungumzia kuvunja kufuli. Walizungumzia bahasha na bakapu.

Bahasha si kitu kidogo. Mtu akijua kwamba uliandikiana na kliniki fulani mara nne Jumatatu usiku, kisha na dada yako, kisha na mwanasheria wa talaka, hahitaji kusoma neno.

Hapa ndipo historia ya kampuni inapoeleza mambo. Jan Koum na Brian Acton, waliowahi kufanya kazi Yahoo, waliianzisha WhatsApp mwaka 2009. Kwa muda iliomba dola moja kwa mwaka, wakiamini mteja alipe kuliko kuuziwa matangazo. Facebook ikatangaza kuinunua Februari 2014 kwa takriban dola bilioni 19, na Januari 2016 ile dola moja ikafutwa. Wakati wa ununuzi Facebook iliiambia Tume ya Ulaya kwamba haingeweza kulinganisha kwa uhakika akaunti za WhatsApp na za Facebook. Agosti 2016 masharti yakabadilishwa ili namba za simu zishirikishwe. Tume ikagundua kwamba wafanyakazi walijua tangu 2014 kuwa ulinganishaji unawezekana, na Mei 2017 ikaitoza kampuni faini ya euro milioni 110. Acton aliondoka 2017 na mwaka uliofuata akatoa dola milioni 50 kuanzisha taasisi ya Signal. Koum naye aliondoka 2018. Septemba 2021 mdhibiti wa taarifa binafsi wa Ireland aliitoza WhatsApp euro milioni 225 kwa kutowaeleza watumiaji vya kutosha taarifa zao zinakwenda wapi.

Kwa hiyo ile taharuki ya Januari 2021, WhatsApp ilipotangaza masharti mapya na watu wakahamia Signal na Telegram kwa makundi wakisema "sasa Facebook wataanza kusoma", ilichelewa kwa zaidi ya miaka minne upande mmoja na ilikosea upande mwingine. Kushirikisha taarifa za akaunti kulianza 2016. Kilichokuwa kipya 2021 kilihusu zaidi gumzo na biashara, na gumzo hizo zinastahili kueleweka vizuri. Ukiandikiana na benki, shirika la ndege au duka kubwa, "mwisho" wa pili si simu ya mtu. Ni mfumo wa kampuni ile, wenye wafanyakazi wengi, na pengine umehifadhiwa na kampuni nyingine au na Meta wenyewe, ambalo ndilo jina jipya la kampuni ya Facebook. Biashara hizo ndizo zinazoilipa WhatsApp kwa ujumbe zinaotuma. Huko ndiko fedha inakotoka, pamoja na matangazo ya Facebook na Instagram yenye kitufe cha kukupeleka WhatsApp, na tangu Juni 2025 matangazo kwenye ukurasa wa stetasi na chaneli. Meta AI, kile kiduara cha rangi, nacho hakimo ndani ya ahadi ya kisanduku: unayemwandikia ni kampuni yenyewe. Usikipe majibu ya hospitali kikutafsirie.

Na lile swali la kila siku: nilizungumza na rafiki kuhusu viatu WhatsApp, mbona tangazo la viatu likatokea Instagram? Meta haikuhitaji kusoma. Huenda ulitafuta viatu hivyo kwenye mtandao, na tovuti nyingi za maduka zina kipande cha programu ya Meta kinachoripoti kila aliyetembelea. Huenda rafiki yako ndiye aliyetafuta, nanyi mko kwenye Wi-Fi moja. Huenda uliliuliza duka bei kupitia WhatsApp ya biashara. Njia hizo zinaeleza matangazo mengi, na kila moja ina pa kuipunguzia: tenganisha akaunti ya Instagram isiunganishwe na WhatsApp, nyima programu ruhusa ya mahali ulipo, na kwenye mipangilio ya matangazo ya Facebook zima taarifa zinazotoka kwa tovuti nyingine.

Telegram haifai kuwa kimbilio kwa sababu hizi. Gumzo zake za kawaida na makundi yake yote hayana kufuli la mwisho hadi mwisho. Funguo ziko kwa kampuni. Kufuli lipo kwenye gumzo za siri tu, za watu wawili, ambazo lazima uzifungue makusudi. Ni chombo kizuri cha matangazo na mafaili makubwa. Kwa siri, ni hatua ya kurudi nyuma kutoka WhatsApp.

Signal inatumia kufuli lilelile, tofauti iko kwenye bahasha. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani iliidai taarifa za mtumiaji, na ilichokuwa nacho kukabidhi kilikuwa vitu viwili: tarehe akaunti ilipofunguliwa na tarehe ya mwisho ilipounganika. Huwezi kuuhamisha ukoo mzima, kikundi cha wazazi na chama cha kuweka akiba kwenda huko, wala hapana haja. Matangazo ya msiba na michango ya harusi yabaki yalipo. Gumzo la mwanasheria, la daktari, la mfanyakazi anayeripoti wizi kazini kwake, hayo mawili matatu yapeleke Signal kwa namba ileile ya simu, bila malipo. Tangu Februari 2024 unaweza kumpa mtu jina la mtumiaji tu, akakuandikia bila kuiona namba yako.